Mtaa Ambao Dereva Hasimami

Shemeji yangu Pancha hakuwahi kumpiga mke wake. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari zake ndilo wanaloliuliza kwanza, na mimi ni mdogo wa huyo mke, tumekaa ukuta kwa ukuta miaka kumi na minne, ningejua. Wengine wote aliwapiga. Alimpiga kinyozi kwa ajili ya kelele za redio. Alimpiga mpangaji wa chumba cha nyuma aliyemwaga maji machafu mlangoni pake, halafu yeye mwenyewe akampakia kwenye baiskeli, akampeleka hospitali na kumkalia foleni mpaka akashonwa. Hasira zake zilikuwa za karibu na huruma yake nayo ya karibu, na hukuweza kujua leo itatangulia ipi.

Kazi yake ilikuwa kuziba pancha, ndiyo maana jina lake halisi walilijua dada na mama mkwe tu. Alikaa kwenye kona, chini ya mabati manne, na kompresa inayokohoa, karai la maji meusi la kutafutia tundu kwenye tyubu, na rundo la matairi yaliyokwisha ambayo hakutaka kuyatupa. Na spana. Ilikuwa spana ya kufungulia nati za magurudumu ya malori, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Akila iko mapajani, akiongea anaonyeshea nayo. Dada alikuwa akimtania kwamba siku akifa tutamzika nayo, naye anajibu tumwekee na jeki pia, maana barabara za huko hajui zikoje.

Mimi nashona sare za shule kwenye baraza la jirani. Kutoka kwenye cherehani yangu naona kona yote, na kuona kwangu ndiko kulikoniponza.

Barabara yetu ni nyembamba, haina pembeni pa kutembelea. Ukuta, mtaro, halafu lami. Ingekuwa ya baiskeli na mikokoteni tu kama si mizani iliyoko barabara kuu. Malori ya kokoto yakishapakia kupita kiasi hayataki kuiona ile mizani hata kwa mbali, kwa hiyo yanakata kona kwenye kituo cha mafuta, yanashuka kwetu, yanapita mlangoni mwa shule na zahanati, yanatokea ng'ambo yakiwa na uso mkavu. Mwenyekiti wetu wa mtaa, karani mstaafu mwenye mwandiko wa kuringia, aliandika barua ya kuomba matuta mawili na kibao. Barua ya kwanza ilijibiwa kuwa imepokelewa. Ya pili ilituletea mtaalamu, akapima kwa futi, akanywa soda, akaondoka. Ya tatu haikujibiwa. Katikati hapo lori lilibomoa kibanda cha muuza mkaa, jingine likaondoka na geti la zahanati likilikokota kama kopo. Tuliambiwa kwamba haijawa dharura kwa kuwa hajafa mtu.

Basi akafa mtu. Ng'ambo ya baraza langu alikuwa akikaa fundi viatu juu ya kreti, mzee mwembamba, mtani wangu wa kila siku, aliyekuwa akiniita Mama Sindano na kunilalamikia kwamba nashona suruali za watoto zenye makalio ya watu wazima. Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, jua limesimama kichwani. Lori la kokoto lilishuka kwa kasi, likakwepa baiskeli, likambana yule mzee na kreti lake ukutani. Miguu yote miwili. Sitaki kueleza sauti yake.

Lori lilisimama hatua kumi mbele. Dereva akaruka chini, mtu wa makamo, kandambili miguuni na taulo shingoni, akakimbia. Akakimbia kuja kwetu, siyo kwenda. Nilikuwa nimeshavuka barabara na sindano bado iko mdomoni. Alipiga magoti kwenye ile damu, akalivua lile taulo, akalifunga juu ya goti la mzee, akaukamata mkono wangu na kuubandika pale.

"Dada, shika hapa. Kaza, usiachie hata kidogo. Narudisha gari nyuma tumpakie, tumuwahishe."

Akanyanyuka, akakimbilia lori lake na kukanyaga ngazi ya kupandia.

Pancha alitokea kwenye mabati yake wakati huo huo. Alichoona yeye ni mzee wa watu kalala kwenye damu na dereva anapanda gari lake. Mtu mmoja akapiga kelele, "Anakimbia huyo!" Spana ikamkuta dereva mgongoni, akadondoka chini pamoja na funguo zake. Nilipiga kelele kwamba hakimbii, anarudisha gari. Nadhani nilipiga kelele. Mpaka leo sijui kama nilisema kwa mdomo au moyoni, maana mkono wangu ulikuwa kwenye lile taulo na damu ilikuwa inapita katikati ya vidole, na akili yangu yote ilikuwa hapo.

Mtaa mzima ulimwagika. Muuza nyama alitoka na aproni yake, muuza mkaa na gogo, akina mama na michi, watu ninaowashonea watoto wao. Yule dereva alitambaa akaingia uvunguni mwa lori, wakamvuta mguu, kandambili ikabaki mkononi mwa mtu. Walimpiga wakipokezana, kama wanaotwanga. Kila aliyechelewa alisukuma wengine ili naye apate lake. Kulikuwa na mwanamke mmoja, mpole sana huyo, wa kuazima chumvi kwa kunong'ona, alimpiga yule mtu kwa tofali usoni halafu akalishika tena lile tofali vizuri, akaangalia ni upande gani una ncha. Pancha aliacha kupiga mapema. Alikwenda kwenye rundo lake, akavingirisha tairi moja, la pili, la tatu, akayasukumiza chini ya tangi la mafuta na kuyawasha.

Mzee alikuwa kichwa chake kiko pajani kwangu. Moto uliposhika akafumbua macho, akaniambia polepole, kama mtu anayekumbusha jambo dogo: "Mama Sindano, waambie wamwache. Huyo ndiye mwenye gari."

Hakukuwa na gari jingine mtaani. Lililokuwepo lilikuwa linawaka, na watu wanalishangilia. Tulimpakia mzee kwenye mkokoteni wa maji, akafia njiani kabla hatujafika kituo cha mafuta. Dereva waliyemwacha mtaroni alichukuliwa na polisi jioni, akafa siku ya tatu.

Polisi walikuja kuuliza. Kila mtu alikuwa ndani. Muuza nyama alikuwa ndani, muuza mkaa alikuwa ndani, mtaa wa watu mia nne wote wamelala saa nane mchana. Mimi nilipoulizwa nilisema nilikuwa nashona, cherehani ina kelele, sikusikia kitu. Askari aliangalia damu iliyoganda kwenye kucha zangu, akaandika.

Unajua tulichofanya baada ya hapo? Tulijisifu. Tuliunda kamati ya usalama barabarani na Pancha akawa kiongozi wake kwa kura za kelele. Mwenyekiti na mwandiko wake akawekwa pembeni. Siku kumi na moja halikupita lori hata moja, na watu walimpelekea Pancha soda pale kwenye mabati kama bwana harusi. Naye alizinywa. Alikuwa akiniambia, "Umeona, shemeji? Barua tatu hazikufanya kazi. Spana moja tu." Nilikuwa nainamisha kichwa kwenye pindo la sketi ya mtoto na kumjibu, "Ndiyo, shemeji." Ningemwambia nini? Kwamba yule aliyemuua alikuwa anarudi kumchukua mzee? Mtu anayekula chakula dada yangu alichopika, anacheka, nimwambie hivyo kati ya tonge na tonge? Nikameza.

Siku ya kumi na mbili malori yakarudi, na sasa yalikuwa yanapaa. Hakuna dereva aliyetaka kuwa kwetu dakika moja zaidi ya lazima. Huko machimboni mtaa wetu ulishapewa jina, Machinjioni, na anayekata kona ya kituo cha mafuta alifunga vioo kwanza. Teksi zikaanza kutushushia pale pale kituoni. "Shuka hapa, mama, huko kwenu mimi siingii, nina watoto." Mke wa kinyozi alishikwa na uchungu, akatembea kwa miguu mpaka barabara kuu, ameshikwa makwapa huku na huku, akajifungulia kwenye karoshi, kile kibaraza cha kuoshea magari. Tulicheka. Tulimwita yule mtoto Karosheni, eti kazaliwa tayari msafi. Kumbe tulikuwa tunajicheka wenyewe.

Miezi saba ilipita. Kila asubuhi dada yangu alivuka barabara kwenda bombani kumchotea mumewe maji ya karai. Pancha alikuwa na mikono yake miwili, lakini dada alisema mwanaume akichota maji anamwaga nusu njiani na nusu iliyobaki anaidaia shukrani. Siku hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi, ndoo iko kichwani, mkono mmoja umeishika. Gari dogo jeupe la mizigo, limejaa kreti za mayai, likaja upande usio wake. Lilimpiga nyonga, akaanguka, na gurudumu la nyuma likapita juu ya mguu. Ndoo ilivingirika mpaka mlangoni kwangu.

Niliona taa za breki. Ziliwaka nyekundu, zote mbili, na gari likasimama kabisa. Dereva akatoa kichwa dirishani, akaangalia nyuma. Niliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu anayetaka kushuka. Mkono wake ulishatoka, uko kwenye kitasa cha nje. Halafu akamwona Pancha anakuja mbio, na mkononi ana spana. Kile kichwa kikaingia ndani na gari likaondoka linalia, mayai yanadondoka njia nzima.

Pancha alilifukuza, akalirushia spana, akalikosa, akaiokota, akarudi. Dada alikuwa ananiangalia bila kulia. Mguu ulikuwa umegeuka upande ambao mguu haugeukii. Nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikafunga juu ya goti, kama nilivyoonyeshwa. Nilijua pa kufunga, na aliyenifundisha tulishamuua.

"Simamisha gari!" nikamwambia shemeji.

Akasimama katikati ya barabara, miguu kapanua, mikono juu. La kwanza lilikuwa gari dogo. Lilipoona ni mtaa gani na ni mtu gani, likarudi kinyumenyume mpaka kituo cha mafuta. La pili lilikuwa lori, halikupunguza hata kidogo, lilibana honi kuanzia juu mpaka chini, na Pancha akarukia mtaroni kuokoa roho yake. La tatu lilikuwa na mwanamke peke yake. Huyu alisimama. Alisimama mbali kidogo, akatuangalia, akamwangalia dada chini, akaiangalia spana. Vioo vikapanda. Akakata kona juu ya mpira wa kompresa, akalikanyaga karai, akapita. Pancha akapasua kioo chake cha nyuma.

"Simameni! Mke wangu anakufa! Simameni, mbwa nyie!"

"Shemeji, tupa hicho chuma!" nililia. "Wanakuogopa! Tupa hicho chuma!"

Akauangalia mkono wake kana kwamba kuna mtu kamwekea kitu humo bila kumwambia. Akaiweka spana chini, taratibu, pembeni ya lami. Akarudi kusimama mikono mitupu, lakini hakukuwa na gari tena, madereva walishapeana habari. Tulimpakia dada kwenye mkokoteni wa maji, ule ule, na Pancha akausukuma akiwa peku. Dakika arobaini.

Daktari hakutugombeza. Alisema tu kwamba mguu ungepona kama tungewahi, na kwamba sasa ataukata juu ya goti, atafutwe mtu wa kusaini. Pancha akasaini. Nilimwona anavyoishika kalamu kwa vidole vilivyojaa grisi, akakaa kwenye benchi la korido, na mimi nikakaa upande wa pili, na hapo yakanitoka.

"Yule dereva wa kokoto hakuwa anakimbia," nikasema. "Alimfunga mzee kwa taulo lake, akaniambia nishike. Alikuwa anapanda ili arudishe gari nyuma, wampakie. Nilikuwepo, nilimsikia."

Akanigeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Miezi saba?"

"Miezi saba, shemeji."

Nilingoja kupigwa. Nasema kweli, nilitaka anipige, ningepumua. Aliinuka akaupiga ukuta. Akaupiga tena na tena kwa ngumi ile ile mpaka rangi ya ukuta ikabadilika na mlinzi akaja mbio, na walihitajika walinzi wawili kumkalisha. Mwuguzi alimfunga mkono bila kumwuliza kitu.

Dada alipozinduka, siku ya pili, aliuliza mambo matatu. Ndoo iko wapi. Mguu wameupeleka wapi. La tatu alimwuliza mumewe. "Hivi aliyenigonga alisimama?"

Pancha akainamia mkono wake uliofungwa. Nikajibu mimi, "Taa za breki ziliwaka."

"Basi alitaka," akasema dada, akafumba macho. Pancha akatoka nje ya wodi, hakurudi mpaka jioni.

Alikwenda polisi. Akasema kaunta kwamba yeye ndiye aliyempiga wa kwanza yule dereva. Askari akafungua daftari, akasema jalada linaonyesha aliuawa na watu wasiojulikana, na wasiojulikana hawawezi kujulikana bila shahidi, arudi kesho. Alirudi kesho tatu. Siku ya nne wakamwambia akiendelea kuwasumbua watamweka ndani kwa usumbufu. Shahidi nilikuwepo, lakini hakuja kuniomba na mimi sikujitolea. Niandikeni hivyo hivyo.

Matuta tuliyajenga wenyewe, Jumapili mchana kweupe. Pancha alikata matairi yake yote nusu, akayalaza barabarani, akayafunika kwa zege, akayapaka chokaa, mawili, moja mbele ya shule na moja mbele ya mabati yake. Mwenyekiti aliandika kibao kwa mwandiko wake, hatimaye ukapata kazi. Tulipomaliza, watu wamekaa juu ya ndoo wanafuta jasho, Pancha akasimama na kusema kwamba kuanzia leo atakayegonga mtu hapa hatapigwa, atampakia aliyemgonga na kumpeleka hospitali.

Muuza nyama akaangua kicheko. "Leo wewe ndiye wa kutufundisha huruma? Si wewe ulimpiga wa kwanza?"

"Ndiyo, mimi nilimpiga wa kwanza," akasema Pancha. "Ndiyo maana naongea."

"Mguu wa mkeo umekufanya mwanamke."

Siku nyingine yoyote ya maisha yake muuza nyama angelala chini. Pancha aliondoka akaenda kuosha koleo.

Haikufika miezi miwili. Saa saba mchana watoto wa darasa la chini wanatoka, wanafunga barabara nzima kwa mabegi. Lori la saruji lilikuja na mwendo wake wa zamani, dereva hajui kwamba kuna matuta mapya. Lilipanda lile la mbele ya mabati, likaruka, likatua ubavu ubavu, likamkumba mtoto wa kike wa miaka minane, blauzi niliyoishona mwenyewe wiki mbili nyuma. Likatulia pale pale. Ndani kulikuwa na kijana hata ndevu hazijamkolea, mikono yote miwili iko kwenye usukani.

Sikuhitaji kuangalia nyuma kujua wanakuja. Ile sauti naijua. Milango, halafu miguu, halafu ile "huyo, huyo" inayoanza chini chini.

Pancha alikuwa na spana. Alikuwa amemfungulia mtu gurudumu. Niliona anaiangalia. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda chake chini ya mabati, magongo kayaegesha ukutani, na Pancha akamtupia spana mapajani. Dada akaichukua akaikalia. Halafu Pancha akapanda ngazi ya lori, akageuza mgongo kwenye mlango wa dereva na uso kwetu, mikono mitupu.

"Hakuna mtu anayempiga," akasema. "Mpakieni mtoto."

"Toka hapo, Pancha."

"Mpakieni mtoto!"

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Akatema meno mawili, akabaki pale pale. Muuza mkaa alimpiga gogo la magoti, akainama lakini mkono wake ulikuwa umejifunga kwenye kioo cha pembeni cha lori. Muuza nyama alimvuta shati likachanika lote. Wakampiga yeye. Walimpiga yeye kwa hamu ile ile waliyokuwa wamemletea dereva, watu aliowajazia upepo baiskeli zao bure, wanampiga kichwa, mbavu, mgongo. Naye hakurudisha hata ngumi moja, mtu ambaye alimpiga kinyozi kwa sababu ya redio. Nyundo ikaushukia ule mkono uliojifunga kwenye kioo na mfupa ukavunjika, niliusikia kutoka upande wa pili wa lori, na mkono haukuachia.

Upande wa pili nilikuwa mimi. Nilimnyanyua mtoto, damu inamtoka kichwani lakini analia, na anayelia yu hai, nikapanda mlango wa abiria naye kifuani.

"Washa!" nikamwambia yule kijana. "Washa gari, mwanangu!"

Alizungusha funguo, starta ikalia bila gari kushika. Akazungusha tena. Ya tatu likashika. Lilipoanza kwenda, kioo cha pembeni kikang'oka na Pancha akaenda nacho chini.

Tulipita kituo cha mafuta bila kupunguza. Kijana alikuwa analia, machozi na kamasi vinamshuka, lakini barabara alikuwa anaiona. Nilikuwa nimebana kichwa cha mtoto kwa kofia ya yule kijana. Nikamwambia, "Mungu akubariki, umesimama. Hujui ulichotufanyia."

"Sikusimama, mama," akasema. "Lilizimika. Niliruka lile tuta likazimika. Nilikuwa nawasha ili nikimbie."

Nilimwambia akate kulia, hospitali ni kulia.

Mtoto alishonwa nyuzi tisa na kufungwa bega. Baada ya saa mbili wakamleta Pancha, kwa teksi. Mwenyekiti alikwenda kuipigia magoti pale kituoni, na ikaingia mtaani kumchukua. Walimlaza wodi ya wanaume, mkono umewekwa plasta kutoka kwenye vidole mpaka begani, jicho moja limefunga. Fundi wa mifupa alishatuambia nje kwamba ule mkono hautabandua tairi tena. Dada alikaa upande wa kichwani, magongo chini ya kitanda. Pancha alinisikia naingia, akageuza lile jicho lililobaki.

"Mtoto?"

"Mzima. Anadai soda."

"Dereva?"

"Yuko nje kwenye benchi, kakaa na mama wa mtoto. Hajaondoka." Hapo nilikuwa sisemi uongo.

Akavuta pumzi, zikamuuma mbavu, akangoja maumivu yapite.

"Alisimama, shemeji. Umeona? Alisimama."

"Nimeona."

"Mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha."

Nikamwangalia dada. Alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka kwenye lile lori, na starta aliisikia inavyolia kabla mtu yeyote hajamgusa yule kijana mlango. Nilikuwa nimeshasema uongo mmoja kwa sababu ya barabara ile, na uliniozea tumboni miezi saba. Pancha alikuwa ananingoja na jicho lake moja.

"Mwenyewe," nikasema.

Dada akalowesha kitambaa kwenye beseni, akamfuta mume wake damu kwenye pembe ya mdomo. "Alisimama, baba," akasema. "Na mimi niliona."